Jambia Limekwenda Wapi?

Maneno haya niliyasema Ujiji, asubuhi iliyofuata usiku tulioangalia filamu pamoja. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, ila kukohoa kwangu nimekuondoa.

Walimu, wanafunzi, akina mama mlioziacha meza zenu sokoni, na ninyi wazee wenzangu wa mstari wa mbele ambao najua mmekuja kuhakikisha sitii chumvi: nashukuru kwa kuniita.

Jana usiku tulipokuwa tunatoka, binti mmoja wa kidato cha sita alinisubiri mlangoni. Akaniamkia, nikamwitikia, akaniuliza: "Babu, sasa nani alimuua yule bwana?" Nikamwambia jibu atalipata asubuhi. Nimelala na swali lake, nimeamka nalo, nimenywea chai. Jibu sina. Nina swali jingine ambalo naliona zuri zaidi, na ndilo nililolifanya kichwa cha maneno yangu.

Kwa ambao jana hamkuwepo: tuliangalia filamu ya Mjapani Akira Kurosawa iitwayo Rashomon. Ilitoka mwaka 1950, ni nyeusi na nyeupe, inakwenda dakika 88. Watu wanazungumza Kijapani, chini ya picha pana maandishi ya Kiingereza, na mimi nilikaa pembeni na kipaza sauti nikigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili, kama wale madijei wa vibanda umiza. Kwa hiyo hadithi iliwafikia imepita mikono mitatu. Tena kuna mahali mlicheka sana. Pale Kurosawa hakuweka kichekesho chochote, ni mimi niliyetia. Naungama mapema.

Hadithi yenyewe ni hii. Mvua kubwa. Watu watatu wamejibanza chini ya lango bovu la mji wa Kyoto, zama za kale: mkata kuni, mtawa wa Kibudha, na mpita njia mmoja asiye na jina. Mkata kuni na mtawa wametoka kutoa ushahidi. Msituni kumekutwa maiti ya samurai. Jambazi Tajomaru amekamatwa; kwamba alimfunga samurai kamba na kumbaka mkewe mbele yake, hilo halina mabishano. Ubishi unaanza baada ya hapo. Jambazi ana maelezo yake, mke ana yake, mkata kuni ana yake, na marehemu naye ana yake, aliyoyatoa kwa kinywa cha mwanamke mganga aliyepandisha mzimu. Hapo ndipo umeme ulipokatika jana, na mama mmoja akasema kwa sauti, "Mnaona sasa!"

Mimi nimekuwa karani wa mahakama za mwanzo mkoani hapa kwa miaka mingi. Nilizaliwa Kasulu nikakulia hapa mjini, kwa hiyo kila mara shahidi aliposema Kiswahili chake hakitoshi, niliitwa mimi. Kiha chake nilikigeuza Kiswahili, Kiswahili cha hakimu nikakirudisha Kiha. Sijasomea falsafa. Kusikiliza watu wakiapa ndiyo shule yangu, na kwa shule hiyo nina mambo machache ya kusema juu ya filamu hii ambayo sijayaona kwa wasomi.

La kwanza: mlimwona hakimu? Hayupo. Sauti yake haisikiki. Shahidi anakaa chini uani, juu yake jua, anatazama mbele, anatutazama sisi. Anajibu swali ambalo hatukulisikia likiulizwa. Nyuma yake, karibu na ukuta, wamekaa waliokwisha kusema, wametulia kama watu wanaosubiri basi. Kurosawa ametupa kiti cha hakimu wote, bila posho.

La pili ndilo lililoninyima usingizi. Katika miaka yangu yote ya ukarani, watu waliapa na kusema, "Si mimi. Siku hiyo nilikuwa Uvinza." Ndivyo mahakama ilivyo, kosa ni kama nguo ya marehemu, hakuna anayetaka kuivaa. Sasa tazama hawa. Jambazi anasema: nilimuua mimi, tena kiume, panga zetu ziligongana mara 23. Mke anasema: nilizimia jambia likiwa mkononi, nilipozinduka limo kifuani mwa mume wangu. Marehemu anasema: nilijiua mwenyewe. Maiti moja ina wauaji watatu, na kila mmoja anaivuta upande wake!

Kwa nini mtu adanganye ili aonekane muuaji? Nimelifikiri hili kwa lugha ya korido za mahakama. Kila mmoja ana kitu anachokilinda kuliko shingo yake. Jambazi analinda jina lake la ushujaa. Mke, baada ya yaliyompata, alitazamwa na mume wake kwa jicho baridi la dharau, na hadithi yake yote inazunguka jicho lile. Samurai, aliyedanganywa na kufungwa kamba kama mbuzi, anataka angalau kifo kiwe chake. Kunyongwa wanaweza kukubali. Kuchekwa, hapana. Kisha mkata kuni anakuja na maelezo mengine kabisa: kwamba yeye alikuwa amejificha vichakani akiona kila kitu, na pambano lile la mara 23 lilikuwa la waoga wawili wanaotetemeka, wanaanguka, wanatambaa kwenye majani, upanga unamponyoka mtu kwa woga. Yaani kitu walichokuwa wanakificha wote ni kwamba walitia aibu.

Walimu wameniomba niguse maneno matatu makubwa ambayo vijana mtaulizwa: urelativisti, unihilisti na udhanaishi. Nitayagusa kama mtu anavyogusa sufuria la moto.

Urelativisti mnao tayari midomoni. "Kila mtu na ukweli wake, babu." Ni wazo la zamani, Mgiriki Protagoras alisema mtu ndiye kipimo cha vitu vyote. Wazo hili lina uzuri wake na sitaki kulidharau. Hapa kwetu Mha, Mmanyema, Mbembe, Mtongwe na Mrundi wananunua mawese kwenye meza moja na kila mmoja anazika kwa desturi yake. Anayedai desturi yake ndiyo kipimo cha zote huyo ni mgonjwa. Tatizo ni utelezi. Unaanza na "kila mtu huona kwa jicho lake", ambayo ni kweli, unateleza hatua moja tu, unajikuta umesema "basi hakuna cha kuona". Na watu wengi huichukua Rashomon kuwa ndiyo filamu ya kuutetea utelezi huo.

Mimi nasema wamekosea, na nina kielelezo hatua chache kutoka ukumbi huu.

Mnajua mnara ulioko chini ya miembe. Umeandikwa kwamba Stanley alikutana na Livingstone hapa tarehe 10 Novemba 1871. Tarehe hiyo ni ya Stanley. Shajara ya Livingstone inaliweka jambo hilo mwezi Oktoba. Mzee wa watu alikuwa mgonjwa, amepotewa na hesabu ya siku. Maneno mashuhuri ya salamu, ya kumdhania kuwa ndiye Daktari, ambayo kila mtalii huja kuyasema hapa akipigwa picha, tunayapata kwa Stanley. Livingstone hakuyaandika. Na kwenye shajara ya Stanley mwenyewe, kurasa za mkutano ule zimechanwa. Zimekwenda wapi? Jambia hilo! Livingstone kwa upande wake anasimulia jinsi mtumishi wake Susi alivyomjia mbio, anahema, kumwambia kwamba anamwona Mwingereza. Susi, ambaye ndiye aliyeona wa kwanza, ndiye yeye na Chuma na wenzao waliokuja kuubeba mwili wa Livingstone mpaka pwani, alikuwa na hadithi yake pia. Kilichobaki cha maneno yake kimepita kwenye kalamu za wengine.

Sasa niambieni. Tarehe hazipatani, maneno yana shaka, kurasa zimechanwa, shahidi wa kwanza hakuandika. Je, hawakukutana? Walikutana. Kuna mtu alisimama hapo mavumbini, na mwingine akatoka barazani. Ushahidi uliovunjika ni ushahidi wa kitu.

Nilipokuwa nakalimani nilijifunza kulitambua jambo lenyewe kwa jinsi shahidi anavyolizunguka. Mvuvi akikata kona ziwani mahali ambapo wewe unaona maji matupu, jua kwamba hapo chini pana mwamba. Mtu hawezi kukwepa kitu kisichokuwepo. Wale watatu wa Kurosawa wanakata kona mahali pamoja.

Ngoja niseme la mwisho kwenye urelativisti, kisha niuache. Wengi hapa mna ndugu na majirani waliokimbia Burundi au Kongo. Kuna mama mmoja niliyemkalimania zamani mbele ya afisa aliyekuwa anaandika maelezo yake. Aliulizwa tarehe ambayo nyumba yake ilichomwa. Akataja moja. Akaulizwa tena, akataja nyingine. Kalamu ikasimama. Nikaambiwa nimuulize kwa nini anabadilisha. Nikamuuliza. Akasema tarehe haijui, ila maharage yalikuwa jikoni na yalikuwa bado hayajaiva, na mpaka leo akisikia harufu ya maharage yanayoungua anatoka nje. Huyo mwende mkamwambie kila mtu na ukweli wake! Waliochoma wana ukweli wao, na yeye ana wake, basi ngoma droo? Livingstone alipopotewa na tarehe, hatukumwita mwongo, tulimjengea mnara.

Nimepaza sauti. Samahani.

Unihilisti. Neno hili lilipata umaarufu Urusi, kwenye riwaya ya Turgenev ya mwaka 1862, likimtaja kijana asiyepiga magoti mbele ya kitu chochote. Nietzsche, Mjerumani, mwaka 1882 akaandika maneno ambayo vijana mnayaandika kwenye madaftari: Mungu amekufa. Mnayaandika kama shangwe. Someni vizuri. Kwenye kitabu, anayeyasema ni mwendawazimu aliyekuja sokoni asubuhi kweupe na taa inayowaka, akimtafuta Mungu, na watu wa soko wanamcheka. Yeye hacheki. Anaogopa.

Anayecheka kwenye filamu ni yule mpita njia wa langoni. Jana niliwaambia: mwangalieni mikono. Tangu anaingia, anavunja mbao za lango na kuwasha moto. Lango linalomkinga na mvua, yeye analichoma kuni. Mtawa anaomboleza kwamba ameona vita, njaa, tauni, lakini jambo la leo limemtisha zaidi, maana linamnyang'anya imani yake kwa wanadamu. Mpita njia anakoka moto. Anataka hadithi ya kupitishia mvua, hataki mahubiri.

Lakini niwe mkweli kwa huyu bwana. Ndiye mpelelezi pekee kwenye filamu nzima. Kila maelezo yalikuwa na jambia ndani yake, jambia la thamani, mpini umetiwa lulu. Jambazi anasema alilisahau palepale, mjinga yeye. Marehemu anasema baada ya kujichoma alisikia mkono wa mtu ukilichomoa kifuani, taratibu. Mkata kuni, katika maelezo yake, anasisitiza kwamba halikuwepo jambia, mtu aliuawa kwa upanga. Hakuna aliyejiuliza. Mtawa yuko kwenye huzuni yake. Hakimu tulikuwa sisi, na sisi tulikuwa tunabishana nani ameua. Asiyeamini kitu ndiye aliyeuliza: jambia limekwenda wapi? Mkata kuni akainamisha kichwa. Kimya chake mlikiona.

Ndiyo maana siwachukii watu wa unihilisti. Wana pua. Wananusa uwongo wa watu wema kabla watu wema hawajamaliza sentensi. Kazi inakuja pale wanapokuwa wameupata ukweli mkononi: huyu wa langoni aliupata, na alichoufanyia ni kibali cha wizi. Kitoto kichanga kinalia nyuma ya lango, kimetupwa. Anakivua kimono, anachukua na nguo zote. Mkata kuni anapiga kelele: huoni hirizi waliyomwachia mtoto wao, huoni jinsi ilivyowauma kumwacha? Naye anajibu kwa hoja isiyo na tundu: waliomtupa ni wabaya kuliko mimi, nisipochukua mimi atachukua mwingine, na wewe mwizi wa jambia unanifundisha nini? Nimeitafuta kasoro ya hoja hiyo usiku kucha. Haina. Mwizi kweli hana mdomo wa kumsema mwizi. Na mtoto amebaki uchi kwenye baridi.

Sasa udhanaishi. Neno hili wanafunzi wa Fasihi mnalijua kwa sababu ya Euphrase Kezilahabi, mtu wa Ukerewe, kwenye ziwa lile jingine. Kichwamaji chake kilitoka mwaka 1974. Nilikisoma kijana, mama yangu akakikuta chini ya godoro akadhani ni kitabu cha matusi. Kazimoto wa kitabu kile anauliza maisha yana maana gani, anauliza vizuri kabisa, na mwisho anajiua. Ulaya, jina kubwa ni la Mfaransa Sartre. Oktoba 1945, vita vimekwisha juzi tu, alitoa hotuba mjini Paris, ukumbi ukafurika. Alisema mtu hutokea duniani kwanza, kisha kwa matendo yake ndipo anakuwa mtu wa aina fulani. Hakuna karatasi iliyoandikwa kabla ya yeye kuwa mwema au mwoga. Akatoa mfano wa mwanafunzi wake aliyemjia wakati wa vita: akae na mama yake ambaye hana mwingine, au aende kupigana na Wajerumani? Sartre alimjibu: uko huru, chagua. Jibu hilo nilipolisoma mara ya kwanza nililiona la mtu mvivu. Mwanafunzi amesafiri na tatizo, amerudishiwa tatizo lake! Siku hizi naliona tofauti kidogo, na nitasema kwa nini nikifika kwenye kisa cha karabai, ile taa ya wavuvi.

Kurosawa alitengeneza filamu yake miaka mitano baada ya hotuba hiyo, na miaka mitano baada ya Hiroshima na Nagasaki. Japani ilikuwa bado mikononi mwa Wamarekani. Kesi za wakubwa wa vita zilikuwa zimetoka kwisha Tokyo mwaka 1948. Nchi nzima ilikuwa na watu wanaoulizwa ulifanya nini, uliona nini, ulikuwa wapi. Lango lile lililovunjika nusu, kila Mjapani aliyekaa kwenye sinema alikuwa ametoka kuyapita mengine kama hilo akija. Hadithi zenyewe ni za zamani zaidi, za mwandishi Mjapani Akutagawa, moja ya mwaka 1915 na nyingine ya mwaka 1922. Kwa Akutagawa mkata kuni anatoa ushahidi wa kukuta maiti tu, na mtoto hayupo kabisa. Hadithi inaishia gizani. Akutagawa mwenyewe alijiua mwaka 1927, ana miaka 35.

Mtoto aliletwa na Kurosawa na mwandishi mwenzake. Kuna wanaosema ni kiraka, kwamba filamu ilikuwa na ujasiri mpaka hapo, ghafla ikatafuta pipi ya kumpa mtazamaji. Mara ya kwanza nami nilisema hivyohivyo. Kurosawa mwenyewe hakuwa mtu wa pipi. Mwaka 1971 naye alijaribu kujiua, akaokolewa, akaendelea kutengeneza filamu hadi miaka ya 1990. Nalitaja hili mbele ya vijana kwa makusudi, na kama yupo hapa anayelala na jambo la namna hiyo kifuani, asiende nyumbani nalo. Anishike mkono mlangoni kama yule binti.

Tazameni tena dakika zile za mwisho. Mpita njia ameondoka na nguo. Mtawa amembeba mtoto. Wamesimama muda mrefu, mvua inakatika. Mkata kuni ananyoosha mikono. Mtawa anaruka nyuma: unataka kumvua hata hicho kilichobaki? Tayari mtawa amekuwa kama mpita njia, mnaona? Anaona mkono, anaona wizi. Na ana haki, mkono ule uliiba juzi. Mkata kuni anasema nyumbani ana watoto sita, wa saba hataongeza tabu. Ukumbi mzima jana ulicheka hapo. Najua kwa nini. Kwa Kigoma, watoto sita ni kuanza tu.

Lakini angalieni anachokosa kusema. Hasemi nimetubu. Hasemi jambia nitarudisha. Hajioshi kwanza ndipo ashike mtoto. Mkono ulioiba ndio unaobeba, ukiwa mchafu vilevile. Huenda jambia lile lilikwenda kununua mtama wa hao sita. Filamu haisemi, nami sitaiongezea. Hoja ya mpita njia bado imesimama, haikujibiwa na mtu. Imepitwa tu, kama mtu anayebaki kituoni akiendelea kubishana wakati gari limeondoka.

Sasa karabai, nikae chini.

Zamani kidogo, kabla ya taa hizi za sola, wavuvi wa dagaa walikwenda ziwani na karabai. Usiku mmoja wa giza, ufukweni, si mbali na Kibirizi, watu wawili walipigana juu ya nyavu. Mmoja alivunjwa mkono kwa kasia. Katika vurugu hiyo karabai ya mtu wa tatu, mpya, haijamaliza mwezi, ikapotea. Kesi ikaja. Shahidi mkuu alikuwa kijana mpole, msema kweli, watu wote wa ufukweni walimwamini. Kiswahili chake kilikuwa safi na hakunihitaji. Alieleza nani alianza, kasia lilitoka wapi, mkono ulivunjikaje. Hakimu akauliza, kwa kupita tu: na taa ilikuwa wapi wakati huo?

Yule kijana akaacha Kiswahili akaingia Kiha.

Kwa karani mkalimani, hiyo ni kengele. Mtu hakimbilii lugha ya mama yake bure. Akasema kwa Kiha, kwa sauti ya chini, kwamba taa aliishika kwanza yeye asije mtu akaikanyaga, halafu hakuona zaidi. Wote wakanigeukia. Na mimi, niliyekuwa nanunua mawese kwa mkopo kwa mama yake kijana yule, na nilikuwa na deni la miezi miwili, nikasema kwa Kiswahili: "Anasema taa ilizimika, hakuona zaidi."

Hakimu akaandika. Wazee wa baraza wakatikisa kichwa. Kijana akanitazama mara moja, akatazama sakafu. Hukumu ya mkono uliovunjwa isingebadilika kwa vyovyote, hilo nilijiambia wakati ule na bado ni kweli. Deni la mawese nililipa mwezi uliofuata, lote, kwa haraka ambayo mama yule aliishangaa.

Jana niliposoma kwa kipaza sauti maneno ya mpita njia, jambia limekwenda wapi, kuna walioniona nimesimama kutafsiri kwa muda. Mlidhani maandishi yamekwenda mbio.

Miaka mingi baadaye nilikwenda Kibirizi kununua dagaa. Anayepima ni yeye, sasa mtu mzima, ana mke na mitumbwi miwili. Akanijazia kopo mpaka linamwagika. Akaongeza konzi. Akaongeza nyingine. Mkewe akamkata jicho. Mimi nilishika mfuko wazi, sikusema kitu, na dagaa wale niliwala.

Binti yangu wa jana, uko wapi? Nakuona. Uliniuliza nani aliua, nami sijui. Ungeniuliza karabai ilikwenda wapi, hilo ningekujibu bila kupepesa. Mwenye karabai yuko hai. Alivua kwa taa ya kuazima misimu miwili, kisha akaacha ziwa akaenda kulima. Siku hizi amerudi mjini kwa mwanawe, si mbali na hapa, kwa miguu hamfiki nusu saa. Sijampitia.

Maswali sasa. Tuanze na akina mama, wana biashara.